Kozi wa Harrisburg: serkali ikipunguza macho, nani anabaki kuangalia juu?

Kila mwaka, mwezi wa tano ukiisha na wa sita ukianza, katika muji wa Harrisburg, muji mukuu wa jimbo la Pennsylvania kule Marekani, kuna watu wanasimama pembeni mwa barabara na shingo imepinda juu. Wako na darubini, zile wengine wetu tunaita jumeli. Wako na telefone, na chupa ya maji. Hawangojei minista kupita. Wanaangalia ukingo wa jengo moja la serkali lenye etaji 16, kwa sababu juu pale kuna watoto wa ndege wanaojifunza kuruka, na mutoto mumoja akikosea ataanguka katikati ya magari.

Hawalipwi hata franga moja. Kazi yao wanaiita kwa kifupi: kuangalia na kuokoa. Ukisikia mara ya kwanza unaweza kucheka. Watu wazima, wengine wamekwisha kustaafu, wanashinda kwenye jua juu ya makinda matatu ao mane! Lakini nyuma ya kicheko hicho kuna habari ya sumu, ya ugonjwa na ya namna serkali inavyohesabu, na sehemu ya habari hiyo imekwisha kufika mpaka Ituri.

Tuanze na ndege mwenyewe. Ni kozi, mumoja wa wale sisi tunawaita wote kipanga bila kutofautisha. Si yule munayemuona akizunguka juu ya soko ao juu ya machinjio, mwenye mukia uliogawanyika kama panda. Yule ni mwewe, na kazi yake kubwa ni kuokota nyama na takataka. Kozi anakamata ndege wenzake hewani. Anapanda juu sana, anakunja mabawa, anashuka kama jiwe kwa mbio inayopita kilometa 300 kwa saa. Hakuna nyama mwingine duniani mwenye mbio hiyo. Afrika pia wako: kuna wanaoishi huku mwaka muzima kwenye majabali, na kuna wageni wanaotoka kaskazini ya Ulaya na Siberia kukimbia baridi.

Kozi hajengi kiota. Anakwaruza kidogo kwenye changarawe, juu ya jabali, anataga pale pale. Sasa muangalie muji munene kwa macho yake: ukuta murefu wa mawe, ukingo kwenye etaji ya 15 fasi paka hafiki, na chini njiwa wengi wasiojua kujificha. Kwake yeye buildingi ni jabali lenye chakula. Njo maana leo anataga New York, London, na Bruxelles pia, kwenye munara wa kanisa kuu la Mutakatifu Mikaeli na Mutakatifu Gudula, tangu mwaka 2004. Wale wako na ndugu Matonge wanaweza kuwaomba wapite pale wakati wa makinda. Watakuta watu wamesimama chini na darubini vilevile.

Muji una shida moja lakini, na shida hiyo njo iliyozaa kazi ya wale watu wa Harrisburg. Mama anataga mayai matatu ao mane, wazazi wanayalalia zaidi ya siku 30, na makinda yanakaa kwenye ukingo kama wiki sita. Wanaume ni wadogo na wepesi kuliko dada zao, kwa hiyo mara nyingi wao njo wanaotangulia kuruka. Kwenye jabali la kweli, kinda akikosea anaangukia jiwe lingine chini kidogo, ao muti, anapumzika, anajaribu tena. Muji hauna huruma hiyo. Vioo vya madirisha vinaonyesha mawingu, kinda anadhani ni anga, anagonga kichwa. Akifika kwenye lami hawezi kirahisi kupanda tena hewani, maana mabawa bado hayana nguvu. Anabaki anatembea-tembea kati ya magurudumu. Wazazi wanalia juu yake lakini hawawezi kumubeba: kozi hajui kubeba mutoto wake.

Kwa hiyo watu wanagawana zamu na pembe za barabara. Kila kinda amekwisha kuvalishwa pete muguuni wiki chache mbele, na juu ya pete wanafunga utepe wa rangi, ili mutu aliye chini aweze kusema kwenye telefone: mwekundu ako kwenye paa la jirani, wa manjano hajaonekana tangu asubui. Kuokoa kwenyewe mara nyingi hakuna ushujaa. Mutu anasimamisha magari, mwingine anarudisha nyuma wapita-njia wanaotaka kupiga picha, mwenye ruhusa anamufunika kinda na kitambaa na kumutia ndani ya karton. Kama hakuumia anarudishwa juu ya jengo, fasi wazazi watamuona na kumuletea chakula. Kama ameumia anapelekwa kwa wenye leseni ya kutibu nyama wa pori. Mupita-njia hana ruhusa ya kumukamata hivihivi. Sheria ya ndege wanaohama, ya mwaka 1918, inamulinda mpaka leo.

Kuna musomaji atauliza: hawa watu hawana matatizo mengine? Swali ni la haki. Harrisburg si muji wa matajiri tunaowaona kwenye filme. Wakaaji wake ni karibu 50,000 tu, wachache sana kuliko komini moja ya Goma. Mwaka 2011 muji huo ulikuwa umezama ndani ya deni la karibu dolari milioni 300, deni lililotokana na tanuru la kuchoma takataka. Baraza la muji likakimbilia tribinali kutangaza kama muji umefilisika, jaji akakataa, jimbo likaweka musimamizi wa kuangalia feza. Makinda walikuwa wakiruka juu ya vichwa vya watu hao hao. Kusimama pale na darubini hakukungoja shida ziishe kwanza, na sijui muji gani ungengoja hivyo ukafika.

Swali gumu zaidi ni lingine: kazi hiyo inaokoa nini hasa? Tuseme ukweli. Kwa kozi wachanga, nusu ao zaidi wanakufa kabla ya kutimiza mwaka mumoja, kwa njaa, kwa kugonga, kwa kushindwa kujifunza kuwinda. Kama watu wa Harrisburg wamemutoa barabarani mutoto mumoja, kuna nafasi kubwa atakufa kabla ya baridi ya kwanza kuisha. Kwa hesabu ya ndege peke yake, kazi yao inaongeza kidogo sana. Thamani yake iko fasi nyingine. Iko kwenye daftari: mayai mangapi yametagwa, mangapi yameanguliwa, wangapi wameruka, muzazi gani hakurudi. Ili kuelewa namna daftari hilo lilivyokuwa na nguvu, lazima turudi nyuma, na mulango wa kuingilia ni jina la jengo lenyewe.

Jengo lile ni biro kuu ya idara ya mazingira ya jimbo, na linaitwa Rachel Carson State Office Building. Rachel Carson alizaliwa Pennsylvania, Springdale, mwaka 1907. Alikuwa mwanasayansi wa bahari na muandishi. Mwaka 1962 alitoa kitabu Silent Spring, akiambia Wamarekani kama dawa za wadudu walizokuwa wanamwaga kwenye mashamba, kwenye misitu na kwenye kartie zao zinaua zaidi ya wadudu. Ya kwanza kati ya dawa hizo ilikuwa DDT. Wakati ule DDT ilikuwa na sifa ya muokozi: mutu aliyegundua nguvu yake juu ya wadudu, Paul Müller wa Uswisi, alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1948. Viwanda vikamushambulia Carson sana. Akafa kwa kansa mwaka 1964, kabla ya kuona mambo yanavyogeuka.

Kilichogeuza mambo kwa upande wa kozi kilianza kwa malalamiko ya uongo. Ao tuseme malalamiko ya watu walioamini wanasema kweli. Uingereza, mwaka 1960, wafugaji wa njiwa za mashindano waliendea serkali wakisema kozi wamekuwa wengi mno, wanamaliza njiwa zao, sheria inayowalinda iondolewe. Serkali ikataka kwanza hesabu. Kazi ikaongozwa na Derek Ratcliffe, na wengi waliopanda mawamba mwaka 1961 na 1962 kuangalia viota walikuwa watu wa kujitolea, wapenda ndege wa kila eneo waliojua jabali lao tangu utotoni. Jibu likatoka kinyume kabisa: kozi walikuwa wanaisha, zaidi upande wa kusini, na ndani ya viota vilivyobaki kulikuwa mayai yaliyovunjika.

Kwa nini mayai yanavunjika? Hapa kuna kitu ninachokipenda katika habari hii. Zamani huko Uingereza kulikuwa watu waliokusanya mayai ya ndege, kama wengine wanavyokusanya tembri za posta. Wizi mutupu, na leo ni kosa la sheria. Lakini waliandika siku na fasi walipotoa kila yai. Ratcliffe akachukua maganda hayo ya miaka mingi, akayapima, na mwaka 1967 akaonyesha kama karibu mwaka 1947 maganda ya kozi yalianza kuwa mepesi ghafla, kwa kadiri ya moja ya tano hivi. Ni miaka ile ile DDT ilipoingia mashambani. Muzazi akilala juu ya yai, linapasuka chini yake.

Njia ya sumu ikaeleweka: wadudu wanakula dawa, ndege wadogo wanakula wadudu, kozi anakula ndege wadogo kila siku, na sumu inajikusanya kwenye mafuta ya mwili wake. Haimuui yeye moja kwa moja. Inazuia mwili wake kutia chokaa ya kutosha kwenye ganda. Muzazi anaonekana muzima, anaruka, anawinda, anataga. Ni kizazi ambacho hakipatikani. Mutu anayepita barabarani hawezi kuona kifo cha namna hiyo. Anayekiona ni yule aliyerudi kwenye kiota kile kile mwaka baada ya mwaka.

Marekani nayo, mwaka 1964, watafiti walizunguka upande wa mashariki wa inchi wakitembelea viota 133 vilivyojulikana tangu zamani. Hawakukuta hata kimoja chenye kozi. Pennsylvania yenyewe, ambayo zamani ilikuwa na zaidi ya viota 40 kwenye mawamba ya mito yake, ilibaki sifuri. Mwaka 1972 serkali ya Marekani ikakataza DDT mashambani. Dunia nzima haikuikataza moja kwa moja: mukataba wa Stockholm, uliosainiwa mwaka 2001, unaacha itumike kupuliza ndani ya nyumba kupigana na malaria, pale inchi inapoona inahitajika. Kupuliza ukuta wa chumba si sawa na kumwaga kwenye shamba zima, na mutu wa Kivu anayezika watoto juu ya malaria ako na haki ya kutosahau tofauti hiyo.

Kukataza sumu hakukutosha, juu hakukubaki wazazi wa kuzaa. Mwaka 1970 profesa Tom Cade wa universite ya Cornell, pamoja na wafugaji wa kozi wa kuwindia, walianzisha shirika The Peregrine Fund. Wakazalisha kozi ndani ya vibanda, kisha wakapeleka makinda ndani ya masanduku juu ya mawamba, juu ya minara, juu ya majengo ya miji. Na nani alikaa pale? Vijana, wengi wanafunzi, wawili wawili, wiki na wiki, wakisukuma chakula ndani ya sanduku bila kuonekana na makinda, wakiandika nani amekula, nani ameruka, nani hakurudi. Zaidi ya kozi 6,000 waliachiliwa kwa njia hiyo. Mwaka 1975 jozi zilizojulikana Amerika ya kaskazini zilikuwa 324. Mwaka 1999, wakati Washington iliwatoa kwenye orodha ya nyama wanaotishwa kuisha, Marekani na Kanada zilikuwa na jozi zisizopungua 1,650. Mutu akisema wale wa Harrisburg wanapoteza wakati, amekumbuke yule mwanafunzi na sanduku lake, maana ni kazi ile ile.

Sasa tunafika kwenye siasa.

Kutoka kwenye orodha ni ushindi, na viongozi walisherehekea. Lakini orodha ni pia feza na wajibu. Jina likiwa ndani yake, serkali inalazimika kuhesabu. Likitoka, sheria ya Marekani inadai uangalizi kwa muda fulani tu, usiopungua miaka mitano. Kwa kozi, mupango uliandikwa mwaka 2003: kuhesabu kila miaka mitatu, mpaka mwaka 2015, halafu basi. Pennsylvania ilichelewa kidogo, maana jimbo liko na orodha yake, lakini mwaka 2021 nayo ilimutoa kozi kabisa. Kwa kusema wazi, wajibu wa taifa wa kuhesabu uliishia 2015.

Na angalieni kilichofuata. Mwisho wa mwaka 2021 homa kali ya ndege, aina ya H5N1, iliingia Amerika ya kaskazini. Ikaua mamilioni ya kuku mashambani, ikashika bata wa pori, tai, na kozi. Kwa kozi njia ni rahisi: bata mugonjwa anaruka pole pole, na anayeruka pole pole njo anayekamatwa. Wale wa pwani, wanaokula bata na ndege wa majini, njo walioguswa zaidi. Watu wanaofuata viota kwenye pwani ya California na upande wa Atlantiki walianza kusema kama viota vilivyokaliwa miaka mingi vinabaki bila muzazi. Haikuwa ripoti ya hesabu ya taifa, maana hesabu ile ilikuwa imefungwa. Ni watu wenye daftari.

Homa ya namna hiyo si hadisi ya mbali kwetu. Mwaka 2017 ndugu yake, aina ya H5N8, iligunduliwa Uganda pembeni mwa ziwa Victoria, na miezi michache baadaye Ituri, upande wa ziwa Albert, ndani ya kuku na bata wa wafugaji wetu. Ndege wanaohama hawaulizi laissez-passer. Na ndani ya vijiji vile, alama ya kwanza haikuweza kutoka kwenye laboratwari ya Kinshasa; lazima mufugaji aone bata wake wanakufa kwa wingi na aamue kusema, badala ya kuwachinja haraka na kuwapeleka sokoni.

Kuna jambo lingine linaloumiza kazi hii. Kila pete ya kozi wa Harrisburg iko na namba, na namba hiyo inaingia kwenye biro moja ya serkali ya taifa, kule Maryland, inayotunza pete za ndege wote wa Marekani tangu mwaka 1920. Kozi akiokotwa amekufa katika jimbo lingine, ni biro hiyo inayosema alizaliwa wapi, mwaka gani. Bila hiyo, pete ni kipande cha chuma tu. Katika mupango wa bajeti ya mwaka 2026, serkali ya Rais Donald Trump ilipendekeza kufuta tawi zima la utafiti wa viumbe ndani ya shirika la jiolojia la Marekani, USGS, na biro ya pete iko ndani ya tawi hilo. Kupendekeza si kupitisha. Feza zinapitishwa na Bunge. Lakini pendekezo limeonyesha mawazo: ndege amepona, kwa nini tulipe wa kuhesabu? Ni sawa na kusema moto umezimika, tuuze ndoo.

Musomaji wa Beni, Butembo ao Mangina hatahitaji maelezo marefu hapa. Tunawajua mareko, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana homa, nani amekufa, nani amezikwa bila kutangazwa. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020 magari yalikuwa mengi na primu zilitolewa. Ugonjwa ukitangazwa umeisha, magari yanaenda, na reko anabaki na gile yake na daftari lake. Sitaki kulinganisha maiti ya mutu na ya ndege. Ninalinganisha namna serkali zinavyofanya hesabu zao: zinalipa kuzima moto, hazilipi mwenye kunusa moshi.

Kisha inabaki hatari ya upande mwingine, na hii inasemwa kidogo. Watu wa kujitolea wanaenda fasi wanapopenda. Jengo la Rachel Carson liko na kamera inayoonyesha kiota kwenye intaneti muchana na usiku. Shule zinafuata, watu wa inchi zingine wanafuata. Kozi wa namna hiyo hakosi macho hata siku moja. Yule wa jabali la mbali, juu ya muto, ao chini ya daraja fasi kelele na vumbi tu, nani anamuangalia? Kama homa ao sumu mupya itaanzia kwake, daftari la muji litaendelea kusema mambo ni muzuri. Kozi wa muji anakula njiwa, wa pwani anakula bata. Mumoja hawezi kumujibia mwingine. Kujitolea kunaziba tundu, lakini hakuchagui tundu gani la kuziba. Kuchagua, kutuma mutu kwenye jabali lisilopendwa, kulipa mafuta ya gari na kutunza namba kwa miaka 100, hiyo ni kazi ya serkali, na hakuna mapenzi ya ndege yanayoweza kuifanya fasi yake.

Kwa hivi sasa watu wa Market Street wanaendelea. Makinda wakiruka vizuri, ndani ya wiki chache wanaanza kucheza hewani na wazazi, mama anaachilia njiwa aliyekufa kutoka juu ili watoto wajifunze kumukamata kabla hajafika chini. Ukifika mwisho wa kiangazi chao wanatawanyika, kila mutu na njia yake, na utepe wa rangi unadondoka wenyewe. Inabaki ile pete ya chuma na namba yake, kama biro ya kuisoma bado itakuwa wazi.